Milivolti Nane: Kisa cha Nanowaya za Oksidi ya Zinki

Mwezi Aprili 2006 jarida la Science lilichapisha makala fupi ya watu wawili wa Georgia Institute of Technology, Atlanta: Profesa Zhong Lin Wang na mwanafunzi wake Jinhui Song. Walisema wameotesha msitu wa nyuzi nyembamba mno za oksidi ya zinki, yaani nanowaya, wakaupitishia sindano, na kila uzi ulipopindwa na kuachiwa ukatoa mpigo mdogo wa umeme. Mipigo mingi ilikuwa ya milivolti 6 hadi 9. Waliita kifaa hicho nanojenereta.

Miaka miwili baadaye watafiti watano wa taasisi ya Max Planck mjini Halle, Ujerumani, walichapisha jibu ambalo kichwa chake kiliishia na alama ya kuuliza. Walikuwa na nyuzi za silikoni, kitu ambacho hakina tabia ya kuzalisha umeme kikikandamizwa au kuvutwa, na bado walipata mipigo inayofanana na ile.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu kila ninaposoma habari ya kifaa kipya kitakachoendesha saa, kihisi au kifaa cha moyo kwa mtikisiko wa mazingira, swali lile la Halle bado linasubiri: huo umeme unatoka wapi? Ni swali la haki, tena la heshima. Nalipenda kwa sababu liliilazimisha kazi yenyewe iwe bora, na hilo nitalionyesha.

Walichokiona Atlanta

Oksidi ya zinki ni unga mweupe unaojulikana kwenye rangi na marhamu. Ikioteshwa taratibu kutoka kwenye mvuke, hasa pale penye chembe za dhahabu za kuanzishia, huota kama nyasi zilizosimama: fuwele ndefu zenye pembe sita. Za Atlanta zilikuwa na unene wa nanometa 20 hadi 40 na urefu usiozidi nusu mikrometa. Ukizipanga elfu mbili hivi ubavu kwa ubavu, ndipo utafikia unene wa unywele mmoja.

Fuwele hii ina tabia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni upizoelektriki: ayoni za zinki na za oksijeni zimepangwa kiasi kwamba ukiikandamiza au kuivuta, vitovu vya chaji chanya na chaji hasi vinaachana kidogo, na upande mmoja unakuwa chanya, mwingine hasi. Ndugu wawili Jacques na Pierre Curie waliugundua upizoelektriki katika fuwele nyingine mwaka 1880, kwa hiyo hapo hapakuwa na jipya. Tabia ya pili ni kwamba oksidi ya zinki ni nusukipitishi. Hata usipoichanganya na chochote, ndani yake huwa na elektroni huru za kutosha kupitisha umeme. Kwarts haina hizo. Kumbuka tabia hii ya pili, kwa sababu ugomvi wote umelala hapo.

Sindano waliyotumia ni ya hadubini ya nguvu za atomu, chombo ambacho hakioni kwa mwanga bali hupapasa. Ilikuwa imepakwa platini. Wang na Song waliiburuta juu ya msitu ule, ikawa inapinda nanowaya moja, inaiachia, inaingia kwenye nyingine, na wakati wote sakiti inasoma volteji kwenye rezista ya megaomu 500.

Maelezo yao yalikuwa ya kupendeza, na nayaeleza kwa ukamilifu kwa sababu wanaowabeza mara nyingi hawayajui. Nanowaya ikipindwa, upande wa nje unavutwa na upande wa ndani unakandamizwa. Upande uliovutwa unakuwa chanya, uliokandamizwa unakuwa hasi. Sindano inapoanza kusukuma inagusa upande uliovutwa. Kati ya platini na oksidi ya zinki kuna kizuizi cha Schottky, yaani mpaka unaofanya kazi kama daiodi: unaruhusu elektroni kwenda upande mmoja na kuzikatalia kwingine. Upande ule chanya, daiodi imefungwa, kwa hiyo chaji inakaa na kungoja. Sindano ikivuka kileleni hadi upande uliokandamizwa, daiodi inafunguka na elektroni zinakimbia. Kwa mujibu wa maelezo hayo mpigo unapaswa kuonekana mwishoni mwa mpindo, si mwanzoni, na ndivyo rekodi zao zilivyoonyesha.

Tena walifanya majaribio ya kulinganisha. Walipotumia sindano iliyopakwa alumini na indiamu, ambayo haijengi daiodi na oksidi ya zinki, mipigo haikuonekana. Walipoweka nyuzi za kaboni mahali pa oksidi ya zinki, kimya. Kwa hiyo hawakuwa watu walioona kitu kikimeta wakakimbilia kuandika.

Hesabu iliyowavuta watu

Tuipige wenyewe. Milivolti 8 kwenye megaomu 500 ni mkondo wa pikoampia 16 (piko ni sehemu moja ya trilioni). Zidisha volteji kwa mkondo, unapata nguvu ya takriban pikowati 0.13 kwenye kilele cha mpigo. Kihisi kidogo kilicholala kinahitaji mikrowati moja hivi ili kisife. Maana yake ni nanowaya milioni 8, zote zikiwa kwenye kilele kwa pamoja.

Milioni 8 inasikika kama mzaha hadi utakapokumbuka udogo wake. Makala yenyewe ilikadiria nanowaya 20 katika kila mikrometa ya mraba. Sentimeta moja ya mraba, sawa na ukucha wa kidole, ingebeba bilioni 2. Kwa hiyo milioni 8 zinakaa katika eneo lisilofika nusu ya milimeta ya mraba, na ukucha mzima ungetoa robo ya miliwati. Ghafla mtu anaona betri zimekwisha kazi.

Hapa ndipo hamu ilipowaka, na sioni aibu kusema iliniwakia na mimi. Mwaka 2008, katika jarida la Nature, kundi lilelile la Atlanta lilipakia nanowaya hizo kwenye nyuzi imara za plastiki ya Kevlar, likasokota uzi mmoja uliopakwa dhahabu pamoja na mwingine usiopakwa, na zikisuguana zikatoa umeme mdogo. Ukubwa wa kweli ulikuwa milivolti chache. Lakini makadirio yaliyosambazwa yalisema mita ya mraba ya kitambaa ingeweza kutoa hadi miliwati 80. Milivolti chache zilipimwa. Miliwati 80 zilizidishwa.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tunavyofundishwa, na uvunaji wa nishati ya mazingira umejengwa kabisa juu ya imani hiyo. Tatizo ni kibaba chenyewe. Bilioni 2 za nanowaya hazina urefu mmoja. Elektrodi, yaani kipande cha metali cha kukusanyia umeme, ikilazwa juu yake itagusa ndefu na kuziruka fupi. Kati ya zilizoguswa, nyingine zitapindwa kulia, nyingine kushoto, nyingine hazitapindwa kabisa. Na zile ambazo hazizalishi si kwamba zimekaa kando tu. Zenyewe ni nusukipitishi, zimeunganishwa sambamba na zinazozalisha, kwa hiyo zinakuwa njia ya mkato ya chaji kurudi ilikotoka. Nanowaya moja ikitoa chaji, mamia ya jirani zake zinaivujisha. Hesabu ya kuzidisha haina mahali pa kuandika uvujaji huo.

Na hata kama hakuna uvujaji, milivolti 8 haziwezi kupita kwenye daiodi ya kawaida. Daiodi ya silikoni inaanza kupitisha mkondo wa maana karibu volti 0.6, na ya Schottky karibu volti 0.2 au 0.3. Zipo chipu zinazoanza kuinua volteji kutoka milivolti 20, zilizoundwa kwa ajili ya jenereta za joto, lakini zinataka chanzo kinachoweza kutoa miliampia kadhaa bila kulegea. Pikoampia 16 ni mara milioni mia moja chini ya hapo.

Halle

Marin Alexe na wenzake, wale watafiti watano wa Halle, hawakuanza na uvujaji. Walianza na elektroni huru.

Nitaipiga hesabu yao kwa namna yangu, kwa tarakimu za kawaida za oksidi ya zinki. Kila kitu kinachopitisha umeme kina muda wake wa kusawazisha chaji: ukiweka chaji mahali, elektroni huru zitakimbia kuifuta. Muda huo unapatikana kwa kugawanya uwezo wa kitu kupunguza uga wa umeme uliomo ndani yake (permittivity) kwa upitishaji wake. Chukua nanowaya yenye elektroni huru kiasi cha 10 kwa kipeo cha 17 katika kila sentimeta ya ujazo, ambacho ni cha wastani. Jibu linakuwa karibu na pikosekunde moja.

Sasa angalia sindano. Inasafiri kwa mikrometa kumi hivi kwa sekunde. Kuipinda nanowaya kwa sehemu moja ya kumi ya mikrometa kunachukua milisekunde kumi. Maana yake, kuanzia mpindo unapoanza hadi sindano inapovuka kwenda upande wa pili, elektroni zimepewa muda mara bilioni kumi zaidi ya ule zinaouhitaji kuifuta chaji. Chaji iliyokuwa ikingoja daiodi ifunguke ingengojaje muda wote huo?

Watetezi wa Atlanta walikuwa na jibu, na si jibu la hovyo. Elektroni huru zinaweza kurundikana upande chanya na kuufuta, lakini upande hasi hauwezi kufutwa kwa kuongeza elektroni. Unaweza kufutwa kwa kuziondoa tu, na pale zitakapokwisha, sehemu ya volteji hasi inabaki. Hilo ni kweli kwenye karatasi na limeonyeshwa kwa hesabu. Ninachokipinga ni hatua inayofuata. Volteji ya namna hiyo ikishatulia kwenye msawazo, haiendeshi mkondo. Mita haipimi uga uliomo ndani ya fuwele. Inapima tofauti ya hamu ya elektroni kuhama, na kwenye msawazo hamu hiyo ni moja kila mahali. Kila makutano ya metali na nusukipitishi yana volteji ya ndani ya namna hii, na hakuna aliyewahi kuwasha taa nayo.

Kisha Halle wakafanya kitu ambacho nakiona ndicho moyo wa kisa. Waliondoa oksidi ya zinki wakaweka silikoni. Fuwele ya silikoni ina ulinganifu unaofanya vitovu vya chaji visiachane hata ukiikandamiza au kuivuta. Hakuna upizoelektriki. Mipigo ikatokea.

Kama si fuwele, ni nini? Walielekeza kidole kwenye chombo cha kupimia chenyewe, kwenye amplifaya ya mwanzo, yaani kikuza ishara. Nieleze namna jambo hilo linavyoweza kutokea, kwa sababu linampata kila anayepima vitu vidogo. Kila amplifaya huvuta au kusukuma mkondo mdogo kwenye mlango wake, pengine pikoampia chache, pengine makumi. Ukiwa umeunganisha rezista ya megaomu 500, pikoampia 16 za amplifaya zinatosha kuweka milivolti 8 kwenye rezista hiyo bila chanzo chochote cha nje. Sindano ikiwa hewani, hizo milivolti zimetulia na unaziita sifuri. Sindano ikigusa nanowaya vizuri, njia mpya inafunguka kwenda ardhini, ukinzani unashuka, na volteji inaruka. Sindano ikiachia, inarudi. Umeona mpigo. Tena mgusano mzuri unaweza kutokea palepale mwishoni mwa mpindo, ambapo maelezo ya Atlanta yalitaka mpigo uwe.

Nimewahi kuonja jambo hili kwa mkono wangu, kwa ukubwa mwingine. Ukiacha ncha ya osiloskopu, chombo kinachochora volteji kwenye skrini, wazi juu ya meza na kuigusa kwa kidole, skrini inajaa mawimbi ya volti kadhaa. Mwili umekuwa antena ya nyaya za umeme zilizo ukutani, na mlango wa megaomu 10 wa chombo hauna nguvu ya kuyazima. Mara ya kwanza nilipobandika utando wa pizoelektriki kwenye kifundo cha mkono na kuupima, niliona mawimbi mazuri sana yanayofuata mwendo wa mkono. Nilipotoa utando nikaacha waya mbili tupu zimebandikwa kwa gundi, mawimbi yakabaki, yamepungua kidogo tu. Siku hiyo nilielewa Halle kuliko nilivyoielewa kwa kusoma.

Wang alijibu mwaka 2009 katika Advanced Materials, jarida lilelile lililochapisha makala ya Halle, na kushikilia msimamo wake.  Hakuna aliyesema nimekubali.

Kilichobadilika baadaye

Ila angalia mikono, usiangalie midomo. Kuanzia 2009 vifaa vya Atlanta vinakuwa vitu vingine kabisa.

Msitu na sindano vinaachwa. Mahali pake panakuja uzi mmoja mnene zaidi, mikrometa 4 kwa upana na mikrometa 200 kwa urefu, uliolazwa juu ya utando wa plastiki iitwayo Kapton na kubanwa ncha zote mbili. Utando unapindwa na kunyooshwa, uzi unavutwa na kuachiwa, kwa asilimia 0.05 hadi 0.1 ya urefu wake. Hakuna tena mgusano unaofunguka na kufunga, kwa hiyo kisingizio cha amplifaya kinapungua sana. Volteji nayo inapanda hadi milivolti 50.

Muhimu kuliko yote, wanaanza kuambatanisha vipimo vya uthibitisho. Geuza waya za mita, kushoto iende kulia: mpigo wa kweli lazima ugeuke juu chini kwa ukubwa uleule, wakati kasoro ya amplifaya haijali waya zimeunganishwa vipi. Weka jenereta mbili mfululizo: volteji zijumlike. Ziweke sambamba: mikondo ijumlike. Iunganishe moja kinyume na nyingine: zifutane. Haya si majaribio ya gharama. Mwanafunzi anaweza kuyafanya mchana mmoja. Hayakuwa kiini cha makala ya 2006, na nina hakika yaliingia kwa sababu mtu wa nje alithubutu kuuliza.

Katika kipindi hicho ndipo ilipokuja picha iliyozunguka dunia, ya hamsta aliyevalishwa kijikoti chenye nanojenereta akikimbia kwenye gurudumu. Watu waliipenda kwa ajili ya hamsta. Mimi naipenda kwa sababu mnyama anakimbia, anasimama, anajikuna, na rekodi inaonyesha tofauti. Ni chanzo kisichotii, kama mazingira yenyewe yalivyo.

Mwaka 2010 kundi hilo lilipanga safu 700 za nanowaya zilizolala, zikavutwa kwa pamoja, zikatoa volti 1.26 kwa mvuto wa asilimia 0.19. Ile hesabu ya kuzidisha sasa imetimizwa kwa kifaa, si kwa kalamu, na zawadi yake ni volti moja na ushei. Linganisha na bilioni mbili katika ukucha.

Halafu likaja badiliko ambalo kwangu ndilo lililomaliza ubishi, ingawa halikutangazwa hivyo. Kati ya nanowaya na elektrodi waliweka tabaka jembamba la akriliki, plastiki isiyopitisha umeme. Fikiria maana yake. Maelezo yote ya 2006 yalisimama juu ya kizuizi cha Schottky, juu ya elektroni kutoka kwenye fuwele na kuingia kwenye platini. Akriliki inazuia elektroni yoyote isitoke. Kifaa sasa kinafanya kazi kama kapasita, yaani chombo cha kuhifadhi chaji: fuwele ikikandamizwa, chaji zake zinasukuma elektroni za elektrodi kwa mbali, zinazunguka kwenye sakiti ya nje, na mkandamizo ukiondoka zinarudi. Tabaka hilo linaziba pia njia za mkato. Nanowaya isiyozalisha haiwezi tena kuvujisha ya jirani yake. Pakacha limepigwa lami.

Matokeo yake yalionekana 2011: volti 10 na mkondo unaopita kidogo mikroampia 0.6, chaji ikihifadhiwa kwenye kapasita, kisha ikirusha ishara ya redio kwa umbali wa mita 5 hadi 10. Hapo nilivua kofia. Ishara ikishapokewa mita 5 mbali na kifaa kisicho na betri, hakuna amplifaya ya kulaumiwa.

Lakini tusome hata tarakimu hizi kwa makini. Volti 10 zilipimwa sakiti ikiwa wazi, ambapo mkondo ni sifuri. Mikroampia 0.6 zilipimwa sakiti ikiwa imefungwa, ambapo volteji ni sifuri. Ukizizidisha unapata mikrowati 6 ambazo kifaa hakizitoi wakati wowote. Chanzo cha kawaida hutoa robo ya hiyo kwa mzigo uliolinganishwa na ukinzani wake wa ndani, yaani mikrowati 1.5, na hiyo ni kwenye kilele. Kati ya mpindo na mpindo hakuna kitu. Wastani unashuka chini zaidi. Ndiyo maana redio ile haikurusha mfululizo; kapasita ililazimika kungoja mizunguko mingi ya kupindwa ili ijae.

Ningependa kila makala ya fani hii ianze na kapasita badala ya volteji. Kapasita ya mikrofaradi 10 ikijazwa hadi volti 3 ina mikrojouli 45, kiasi kinachokaribia gharama ya kurusha ujumbe mmoja mfupi kwa redio ndogo. Niambie mara ngapi umekipinda kifaa hadi ikajaa, na umekipinda kwa nguvu gani. Nikipata tarakimu hizo mbili naweza kukuambia kama kitaishi kwenye mashine inayotikisika, kwenye daraja, au kwenye kiungo cha mtu anayetembea.

Hukumu yangu, na mlango uliobaki wazi

Naamini mipigo ya 2006 haikuthibitishwa kuwa uvunaji wa nishati. Sisemi haikuwepo, wala sisemi kulikuwa na udanganyifu. Nasema jaribio lenyewe, kwa sindano inayogusa na kuachia na mlango wa megaomu 500, halikuwa na uwezo wa kutenganisha fuwele na chombo cha kupimia. Jaribio la nyuzi za kaboni lilikuwa zuri ila halikutosha, kwa kuwa kaboni inapitisha umeme kwa namna nyingine na mgusano wake na platini si uleule. Silikoni ilikuwa karibu zaidi, na silikoni ilisema mengine. Vifaa vya baadaye, vyenye ncha zilizobanwa na tabaka la akriliki, ni jambo tofauti, na hivyo navikubali.

Wapo wanaosema kuuliza maswali haya kunaua fani ikiwa changa. Kisa hiki kinaonyesha kinyume. Fani ilikua upesi zaidi baada ya 2008 kuliko kabla yake.

Mlango uliobaki wazi uko hapa. Januari 2012, Feng-Ru Fan, Zhong-Qun Tian na Wang walichapisha kifaa cha tabaka mbili tu za plastiki, Kapton na poliesta, zilizobandikwa pamoja na kupakwa metali migongoni. Hakuna fuwele wala nanowaya. Ukikipinda, tabaka zinasuguana na kuachiana chaji, na kinatoa volti 3.3. Ni umeme wa msuguano, uleule unaoinua nywele ukivua sweta, na leo vifaa vya jamii hiyo vinatoa mamia ya volti.

Angalia kilichotokea kwa nyuma. Ikiwa plastiki mbili zinazogusana zinatoa volti 3.3, basi kila nanojenereta ya pizoelektriki yenye plastiki, elektrodi na pengo dogo la hewa inaweza kuwa inatoa umeme wa msuguano huku tukiusifu kama wa fuwele. Na safari hii vipimo vya 2009 havisaidii. Umeme wa msuguano ni umeme wa kweli: ukigeuza waya unageuka, ukiunganisha viwili mfululizo vinajumlika. Unapita mitihani yote ile bila fuwele kufanya kazi hata kidogo.

Mtihani usiopitwa ni ule wa Halle. Nikipewa leo utando mpya uliojazwa chembe za nano, unaodaiwa kutoa volti 20 kwa kugongwa kidole, naomba nipewe na ndugu yake: utando wa plastiki ileile, unene uleule, ulaini uleule, elektrodi zilezile, uliojazwa chembe za silika isiyo na fuwele mahali pa chembe za pizoelektriki. Viwili hivyo viwekwe chini ya nyundo moja, vigongwe mara elfu kwa nguvu moja, kila kimoja kikijaza kapasita yake ya mikrofaradi 10. Kisha nisomewe volteji ya kapasita zote mbili.